Oksijeni Hungoja Mwishoni: Muhogo Mchungu na Upumuaji wa Seli

Wengi wetu tulifundishwa upumuaji wa seli kwa mlinganyo mmoja: glukosi na oksijeni huingia, kisha kabonidayoksaidi, maji na nishati hutoka. Mlinganyo huo ni sahihi, lakini unaficha jambo ambalo kwangu mimi ndilo uti wa mgongo wa somo zima, kwa kuwa mwanafunzi hubaki akidhani kwamba oksijeni huikuta sukari ndani ya seli na kuiunguza. Viwili hivyo havikutani kabisa. Oksijeni hungoja mwisho wa njia ndefu, na sijaona kinacholidhihirisha hilo kuliko muhogo mchungu, zao linalowalisha watu wengi kuanzia Mtwara na Lindi hadi Kongo.

Glukosi huanza kuvunjwa nje ya mitokondria, yaani vyumba vidogo vya nishati vilivyomo ndani ya seli, na huko molekuli moja yenye kaboni 6 hukatwa kuwa piruvati mbili zenye kaboni 3 kila moja. Hatua hii haihitaji oksijeni, na faida yake ni molekuli 2 tu za ATP, kibebeo cha nishati ambacho seli hukitumia kwa kazi zake. Piruvati huingia katika mitokondria na kupokonywa kaboni zake moja baada ya nyingine, hasa katika mzunguko ambao Hans Krebs aliueleza mwaka 1937 huko Sheffield, Uingereza, baada ya majaribio kwa msuli uliosagwa wa kifua cha njiwa. Humo ndimo inamotengenezwa kabonidayoksaidi tunayoitoa puani, na oksijeni iliyomo ndani yake hutoka kwenye sukari yenyewe na kwenye maji, wala si kwenye hewa tuliyoivuta. Jambo hili hunistaajabisha kila ninapolisoma.

Mavuno makubwa ya mzunguko huo ni elektroni. Hubebwa hadi kwenye utando wa ndani wa mitokondria, zikapokezanwa na protini zilizopangwa humo, na kila zinaposhuka ngazi ya nishati, protoni, yaani viini vya hidrojeni, husukumwa kwenda upande wa pili wa utando. Peter Mitchell alipopendekeza mwaka 1961 kwamba mrundikano huo wa protoni ndio unaotengeneza ATP, wanakemia wengi walimpinga kwa miaka mingi. Mwaka 1978 alipewa Tuzo ya Nobel. Protoni zilizozuiliwa nyuma ya utando ni kama maji ya Bwawa la Mtera la kuzalisha umeme: hazina njia ya kurudi isipokuwa kupitia mtambo, ambao hapa ni protini inayotengeneza ATP, na zinapopita huuzungusha. Mzunguko huo ni wa kweli, si lugha ya picha. Mwaka 1997 watafiti wa Japani walibandika sehemu ya mtambo huo juu ya kioo, wakaufunga uzi wa protini unaong'aa kwenye mhimili wake, wakaulisha ATP ili uende kinyumenyume, nao wakauona uzi ukizunguka chini ya darubini.

Sasa ndipo oksijeni inapohitajika. Elektroni zilizokwisha kutoa nishati yake lazima zipokewe na kitu, la sivyo zilizo nyuma yake zitakwama. Protini ya mwisho katika mnyororo huishika molekuli ya oksijeni kwenye atomi zake za chuma na shaba, huipa elektroni 4, huichanganya na protoni, na matokeo yake ni maji. Oksijeni haifanyi jingine kubwa zaidi ya hilo, lakini pasipo hilo mnyororo wote husimama.

Sianidi, sumu inayotoka kwenye muhogo mchungu, hushika chuma hicho hicho. Mtu aliyepatwa na sumu hii anaweza kuwa na damu iliyojaa oksijeni, hata damu ya vena zake ikawa nyekundu kuliko kawaida, kwa sababu seli zimeshindwa kuitumia. Hewa ipo, sukari ipo, ila mlango wa mwisho umefungwa.

Muhogo hauhifadhi sianidi ikiwa huru. Huihifadhi ndani ya kiambata kiitwacho linamarini, huku kimeng'enya cha kukivunja kikiwa kando, kwenye kuta za seli. Mzizi ukikatwa, ukikwaruzwa au ukitafunwa, viwili hivyo hukutana na sianidi hutoka. Ndiyo maana kuutia muhogo mchungu moja kwa moja kwenye maji yanayochemka hakutoshi: moto hukiua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, na linamarini nyingi hubaki. Kuloweka kwa siku kadhaa hadi mihogo ilainike hukipa kimeng'enya muda, na kuanika huiachia gesi iondoke, kwa kuwa sianidi ya hidrojeni huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi. Makopa yaliyoanikwa bila kulowekwa, kama ninavyoyaona mara kwa mara, hubaki na sumu zaidi.

Mwili una njia ya kujitetea: huiunganisha sianidi na salfa inayotokana na protini za chakula, kisha huitoa kwa mkojo. Kwa hiyo wanaoumia zaidi ni wale wanaokula muhogo mtupu, bila maharage wala samaki, hasa wakati wa ukame ambapo sumu huongezeka shambani na njaa huwalazimisha watu kufupisha kuloweka. Ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla na kwa kudumu, ulielezwa na daktari Trolli mwaka 1938 huko Kwango, Kongo, na unahusishwa na ulaji wa namna hii. Wengi wanaoupata ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Howard Bradbury wa Australia na wenzake walipendekeza njia ninayotamani ifike kila kijiji kinachokula muhogo mchungu: unga huchanganywa na maji, hutandazwa tabaka jembamba kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, kimeng'enya kilichobaki humalizia kuvunja linamarini, gesi huondoka, na unga hupikwa ugali siku hiyo hiyo.