Tambi za baridi

Februari Moshi ni joto la kukaba. Ikifika saa tano asubuhi mlima umeshajifunika mawingu, lami inawaka, jikoni hakukaliki. Februari ya 2017 mdogo wangu alikuwa mjamzito wa miezi mitatu, na chochote kilichopita kwenye mafuta ya moto kilimtapisha. Mama aliteremka kutoka Kibosho na ndizi zake, akapika mtori. Harufu ya nyama ilipofika chumbani, binti wa watu akakimbilia bafuni. Siku ya nne midomo ilikuwa imempauka, na nilimwona Mama akijikaza asilie.

Mimi niliwahi kufanya kazi jikoni katika hoteli moja Arusha. Huko nilijifunza saladi ya tambi ambayo Ulaya huiandaa majira yao ya kuchipua, njegere na figili za kwanza zinapotoka baada ya baridi. Haikaangwi, haina moshi wa kitunguu. Nikajiambia, hii ndiyo.

Alfajiri nikaenda sokoni Mbuyuni. Njegere nilizichagua ganda kwa ganda, nikitaka zile zinazovunjika kwa mlio. Mlimani maji ya mifongo, ile mifereji ya kale ya Wachaga, huzifikia hata jua likiwa kali, ndiyo maana zilikuwa bichi hivyo. Nikaongeza karoti changa, figili, vitunguu majani na ndimu. Tambi za mchele nilizipata duka moja tu, pakiti mbili.

Ya kwanza niliiharibu. Kwa haraka nikaichemsha kama tambi za ngano, ikawa uji. Za mchele hazitaki moto: maji yakishachemka unaepua, ndipo unazilowesha hadi zilainike lakini zisikatike, kisha unazisuuza kwa maji ya baridi. Ya pili sikuiondolea macho. Njegere nazo ni dakika 2 tu kwenye maji yanayotokota, halafu papo hapo kwenye beseni la maji ya baridi. Zilikolea kijani mbele yangu, kama mgomba ulionyeshewa usiku kucha. Ukizisahau motoni zinapauka na utamu unakwenda. Nikakamulia ndimu, nikatia tangawizi mbichi ya kukuna, soya sosi kidogo, sukari kiduchu na matone ya mafuta ya ufuta.

Mama akachungulia bakuli.

"Tambi bila nazi, bila iliki, tena za baridi? Mwanangu, huyu hali yake unaiona."

"Mama, naomba tumwachie aonje."

Mdogo wangu aliokota njegere moja kwa vidole, akaitafuna taratibu, macho amefumba. Tulisubiri, hakuna aliyesema neno. Akaokota ya pili. Kisha akalivuta bakuli mapajani.

"Dada, nipe uma."

Alikula nusu bakuli, na hakutapika. Mama alibaki ukingoni mwa kitanda akimtazama koo kila anapomeza, kisha akainuka kimya. Nikamsikia jikoni akiosha sufuria ya mtori. Aliporudi alishika kisu na ndimu nyingine.

"Kesho," akasema, "njegere nitamenya mimi."