Bibi kamfunua jicho tu

Asalaam aleikum jamani. Niko Pemba likizo wiki nne, na leo ndo mara ya kwanza nakaa barazani peke yangu maana mtoto kalala na wenye dawa zao hawajaanza kuja. Nasema wenye dawa kwa sababu ukifanya kazi duka la dawa Uingereza basi huku ushakuwa daktari, hata uape kama kazi yako ni kuhesabu vidonge na kubandika lebo. Tokea nimeshuka Mkoani kila asubuhi mtu ananijia na kifuko cha vidonge nusu nusu, "mwanangu hebu nsomee hizi za nini", mwengine kanuna kwa nini sikumletea zile za rangi mbili, nikimwambia kule haziuzwi bila cheti cha daktari haniamini, anaona nimemfanyia choyo tu.

Na kule nako ni hayo hayo. Duka halijafunguliwa mtu kashasimama mlangoni, cheti kakileta sasa hivi anauliza tayari? Dawa imeadimika nchi nzima lakini wa kutukanwa ni mie niliyevaa beji. Panadol tu ni vita: maduka ya kawaida paketi mwisho vidonge 16, kwetu sie duka la dawa 32, sheria iko hivyo tokea 1998 kwa sababu watu walikuwa wakizimeza nyingi kwa makusudi na ini linakufa, sasa mtu anataka paketi tano ananambia mimi nani wa kumpangia kichwa chake kikimuuma. Hao nshawazoea. Nisiyemzoea ni yule anayeleta cheti cha dawa tatu, na England kila dawa moja unalipa pauni 9.90 kama hujasamehewa, anauliza kwa sauti ndogo, "katika hizi ipi naweza kuiacha?" Hapo sijibu, namwita mfamasia, na yeye anashusha pumzi kwanza ndo anakwenda.

Halafu kuna kina mama wenye watoto wadogo. Mwanangu anajigonga kichwa kitandani kabla hajalala, mwanangu anauma wenzake, mwanangu anatafuna karatasi. Nyuma yake kuna foleni, simu inalia, namjibu chap chap "muone daktari" huku mkono ushapokea cheti cha mwengine. Sikuwa hata namtazama yule mtoto.

Sasa njoeni kwangu. Binti yangu ana miaka miwili na nusu. Alianza na pumzi. Ukimnyang'anya kitu analia mara moja, sauti inakata, mdomo unakuwa buluu, analegea mikononi mwako kama kitambaa. Mara ya kwanza nilijua ndo keshakwenda, nilipiga kelele mpaka jirani Mpolandi akaja na taulo kichwani. Tukampeleka hospitali, wakamsikiliza moyo, wakasema hali hii watoto wengi wanaipata, haichukui hata dakika na ataiacha mwenyewe akikua. Ni kweli wengi wanaiacha. Lakini damu hakuna aliyempima, na mie sikuuliza, mtu ninayeshinda katika dawa kutwa.

Baadae akaanza kula udongo wa sufuria ya maua, na kulamba ukuta. Nikampiga vikofi vya mkono, nikasema tabia mbaya hii. Chakula hataki, anataka maziwa, na mama anayemlea nikiwa kazini anampa ili anyamaze, chupa nne tano kwa siku, na mie nikijisifu kwenye simu kwa dada zangu kuwa mwanangu hodari wa maziwa, mashallah.

Juzi juzi tuko Konde kwa Bibi, nyumba ya zamani ya udongo. Mtoto kanyamaza, na mtoto akinyamaza ujue kuna jambo. Nikamkuta nyuma ya jiko anaukwaruza ukuta kwa kucha ya kidole gumba, taratibu, anakusanya ule unga kiganjani, anaulamba, anarudi tena. Mdomo mwekundu. Nikamnyang'anya mkono, basi kakata pumzi palepale mbele ya watu wote.

Hapo tena kila mtu na lake. Huyu anasema jicho la husuda, yule anasema zongo, shangazi anataka kombe sasa hivi, yale maji ya aya za Qur'ani zilizoandikwa kwa zafarani. Bibi hakusema kitu. Alingoja mtoto apate nafuu, kampakata, kamfunua jicho kwa kidole gumba, ile nyama ya chini, kaitazama. Kamkunjua na kiganja. "Huyu ana safura."

Wallahi nilitaka kucheka. Safura ni ile minyoo unayoipata ukitembea bila viatu, sie skuli tulimezeshwa dawa yake mstari mzima, na mwanangu anavaa soksi mwaka mzima Ulaya! Nikamuelezea Bibi taratibu, kwa ile sauti ninayoitumia kaunta. Bibi kanambia, "Mie minyoo siijui. Mtoto akiwa mweupe jichoni anakula udongo. Hata wewe mamaako mimba yako alikuwa akitafuna mchele mbichi."

Tukenda kupima. HB, yaani kiwango cha damu, 8.1, na mtoto wa umri huo inatakiwa isipungue 11. Choo safi, minyoo hamna. Nikakaa kwenye benchi pale nikaunganisha mwenyewe kila kitu: maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo sana na yanamjaza tumbo asile, chuma kikipungua mtu anatamani udongo, na hata kule kukata pumzi upungufu wa chuma unakuchochea. Haya yote nshawahi kuyasoma. Sharubati ya chuma nimeikabidhi kwa watu chupa ngapi sijui, nikiwakariria kama kasuku, usimpe pamoja na maziwa wala chai, mpe na maji ya chungwa, choo kitakuwa cheusi usishtuke, iwekeni juu mtoto asiifikie maana akiinywa chupa nzima inaua. Na nikitoka hapo narudi nyumbani natia chupa ya tano ya maziwa.

Basi maziwa tumeyapunguza, ananiliza kila usiku lakini nimekaza. Anapewa dagaa, kunde, kisamvu, chungwa kila baada ya kula. Dawa itakwenda miezi, hata damu ikirudi sawa unaendelea kama miezi mitatu hivi ili akiba ijae. Kombe nalo alikunywa, sikumkatalia shangazi, aliikoroga ile zafarani kwa moyo mmoja.

Jana usiku Bibi kapiga simu ya video anataka kumuona. Mtoto kacheka, na ile dawa imemtia weusi kwenye meno yote ya mbele. Bibi kaisogeza simu mpaka puani, kanyamaza kidogo, halafu kauliza, "Mmempa zambarau nyie? Wakati huu mmezipata wapi?"