Hatimaye nimevuta chombo

Basi jamani, hatimaye nimevuta chombo. BMW R 12 nineT, mpya kabisa, cc 1,170, na tangu niichukue naamka mapema kuliko kawaida nipite paking kuitazama kabla sijaenda kazini. Imeundwa hapahapa Berlin, kiwanda cha Spandau, wanatengeneza pikipiki pale tangu 1969, na mimi nakaa mji huohuo, hilo peke yake linanipa raha.

Nyumbani maswali yamekuwa mengi, kwa hela hiyo si ungenunua gari, na mama ndo kabisa, "Mwanangu, mdogo wako nimemkataza boda nimeshindwa, na wewe tena?" Nikamwambia mama hii ya matembezi tu, sibebi abiria, akanyamaza kidogo, akasema haya, Mungu akulinde, na helmeti usivue.

Sasa kwa nini hii. Pikipiki za wazi, zile zisizo na makava ya plastiki pembeni, ziko nyingi na nyingine zina nguvu kuliko hii, hii ni farasi 109 basi. Kilichonikamata ni ilivyopangwa. BMW walitoa R nineT ya kwanza, iliyoitangulia hii yangu, 2013, walipotimiza miaka 90 ya pikipiki zao, maana R 32, pikipiki yao ya kwanza, ilitoka 1923, na miaka hiyo vijana walikuwa wananunua BMW za zamani, wanakata fremu, wanang'oa makorokoro, kila mtu anajitengenezea ya kwake. Kiwanda kikaona hawa watu tuwarahisishie. Fremu ya nyuma inayobeba siti wakaifunga kwa bolti, hawakuichomelea, ukitaka mkia mfupi unafungua, ukitaka kumpakia mtu unarudisha, hakuna grinda wala nini. Halafu waya za injini wakaziweka mbali na waya za taa na vitu vingine, ili mtu akibadilisha taa ya mbele au indiketa asije akavuruga injini. Hiyo ya waya ndo iliyonimaliza. Aliyewahi kukaa na fundi umeme wa pikipiki mchana kutwa anatafuta waya mmoja atanielewa.

Na kwa Ujerumani hili ni jambo zito, sio urembo tu. Hapa hufungi bomba la moshi lolote uliloliona mtandaoni ukaondoka zako. Kifaa kinatakiwa kiwe na karatasi ya kibali, wanaiita ABE, kama hakina unapeleka pikipiki TÜV, wale wakaguzi wa vyombo vya moto, ikaguliwe na kifaa kiandikwe kwenye karatasi za chombo, ukipuuza unaweza kukuta pikipiki haina tena kibali cha kutembea barabarani na bima wanaanza kukusumbua. Kwa hiyo ukiagiza kitu kiwandani kikaja kimefungwa tayari, unakuwa umelipia na usingizi wako. Bei zao ni kali, sitasema uongo, naona wanazidisha hasa kwenye vile vikava vidogo vya alumini vya Option 719, yaani mapambo ya kiwandani ya BMW wenyewe, ila kwa vitu vikubwa kama rimu ningelipa tena.

Kilichonichukua muda ni tangi. Kulikuwa na jeusi, zuri tu, na kulikuwa na la alumini lililosuguliwa ubavuni likaachwa lionekane chuma chenyewe. Nililiinamia pale shorumu hadi muuzaji akaniletea kiti, ukilitazama kwa karibu unaona mistari ya brashi imelala upande mmoja, myembamba kama nywele, na ukisogea hatua moja taa zinahama juu yake na rangi yote inageuka. Nikachukua hilo. Vingine nikaacha kama vilivyo, hendeli ileile, taa ileile, kwa sababu sitaki kuimaliza siku ya kwanza, nataka niiendeshe kwanza nijue mgongo wangu unasemaje ndo niamue.

Mdogo wangu Mbagala nilimpigia video nikamwonyesha yote. Yeye ana Boxer ya boda, na Boxer ikitoka dukani kwake haijawa pikipiki bado, anaweka ngao za mbele, anashonesha siti, taa za ziada, stika, kava la tangi, ndo inaingia barabarani. Akauliza mnyororo uko wapi, nikamwonyesha shafti, hakuna cheni ya kukaza wala kupaka oili, akapiga kelele hadi wenzake kijiweni wakaja kwenye simu. Nikawasha, nikavuta mafuta kidogo ikiwa fri, ikajiinamisha kulia yenyewe, injini hizi za silinda mbili zilizotoka nje huku na huku ndo zilivyo, "kaka, irudie hiyo!" Niliirudia mpaka jirani akachungulia dirishani.

Wale vijana wanafanya kazi hii kila siku bila kiwanda kuwasaidia, na wanaijua. Ndo maana ushauri wa mdogo wangu nauchukua kwa uzito, ameniambia nisiguse hendeli mpaka nimalize zile kilomita 1,000 za mwanzo ambazo injini haivutwi sana, mkono uizoee kwanza, maana hii ina kilo 220, karibu mara mbili ya Boxer yake.

Namba za pikipiki yangu ni za msimu, zinaniruhusu barabarani mwezi wa tatu mpaka wa kumi tu, kwa hiyo baridi na chumvi ya barabarani itatukuta ndani. Muda huo ndo nitafungua ile fremu ya nyuma. Mdogo wangu anataka kava la siti lishonwe na fundi wake hukohuko Mbagala, vipimo nimeshamtumia, tunabishana rangi tu, yeye anataka nyekundu yenye uzi mweupe na mimi nataka kahawia.