Siku moja maishani mwangu: marumaru inayobonyea bila kuvunjika

Saa 1 asubuhi. Niko maabara, Zürich. Kazi ya leo ni kuibana silinda ya marumaru ya Carrara, Italia, kipenyo milimita 10, urefu milimita 20. Marumaru hii tunaipenda kwa sababu ni safi na chembe zake zinakaribiana ukubwa. Imekaa kwenye oveni usiku kucha ikauke. Naipima kwa kalipa, naigeuza, napima tena. Ncha zisipokuwa sambamba, mzigo utaelemea upande mmoja.

Saa 2 na nusu. Naivika ganda jembamba la shaba, pistoni za kauri juu na chini. Ganda hili ni uhai wa jaribio: jiwe litabanwa pande zote na gesi ya argoni, na gesi hiyo ikipenya hadi kwenye vitundu vya jiwe, hakuna tena kinacholibana kutoka pembeni.

Saa 3 na nusu. Tunajaza argoni, lakini hatufiki kiwango, maana tanuri likiwaka gesi itatanuka na mgandamizo utapanda wenyewe. Tunaishia megapaskali 300, karibu mara 3,000 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, sawa na kina cha kilomita 11 hivi ardhini. Joto ni nyuzi 600 za Selsiasi. Mtambo uko nyuma ya kinga ya chuma na hakuna anayeusogelea bila kumwarifu mwenzake.

Saa 5 na robo. Mota inaanza kusukuma. Kulifupisha jiwe kwa asilimia 10, yaani milimita 2, kutachukua karibu saa tatu. Kwenye skrini mstari unapanda moja kwa moja, unapinda, halafu unaendelea kupanda taratibu. Pale unapopinda ndipo ninapopasubiri kwa hamu kila mara, kwa kuwa hapo jiwe limeanza kubadilika umbo bila kurudi tena. Marumaru hiyohiyo ukiibana juu ya meza, bila kitu cha kuishika pembeni, inapasuka vipande. Mwaka 1911 mhandisi Theodore von Kármán alionyesha kwamba mgandamizo wa pembeni ukitosha, hata bila kuipasha moto, inabonyea.

Saa 7. Mdogo wangu anayesoma jiolojia Dodoma anapiga simu.

"Shikamoo kaka. Tumeona marumaru iliyojikunja kule Uluguru. Jiwe linajikunjaje bila kuyeyuka?"

"Marahaba. Ndani ya fuwele kuna kasoro za mpangilio wa atomu, nazo ndizo zinazosogea. Ni kama kuhamisha zulia zito kwa kusukuma mkunjo mmoja kutoka ncha hadi ncha. Huliburuti lote kwa mpigo."

Saa 10 jioni. Jiwe limepoa, gesi imetolewa. Kwa mawe mengine shaba huondolewa kwa asidi ya nitriki, ila asidi ingeila marumaru yenyewe, kwa hiyo naichana kwa msumeno mdogo na kuibandua kipande kwa kipande. Silinda imetoka fupi, imetuna kidogo katikati, haina hata ufa. Naipeleka ikakatwe unene wa milimita 0.03 kwa ajili ya hadubini.

Saa 11. Naandika matokeo. Chini ya milima, kufupika kwa asilimia 10 kunaweza kuchukua miaka zaidi ya 300,000. Kwangu mimi huo ndio mtihani mkubwa wa fani hii: kutoka saa tatu hadi muda huo ni mbali mno, na jaribio moja halitoshi kabisa. Lazima tubadili kasi, tuone uimara wa jiwe unavyoshuka, ndipo tukadirie. Kesho joto ni lilelile, kasi mara 10 pungufu. Kusukuma peke yake ni karibu saa 28, na zamu ya usiku nimeichukua mimi.