Harufu ya ngozi ikiota moto

Leo asubuhi watoto wa jirani walikuwa wanababua kichwa cha mbuzi na kwato nyuma ya ukuta, moshi ukaja moja kwa moja jikoni kwangu, nilikuwa nakata vitunguu nikajikuta nimeweka kisu chini nimesimama tu. Zuhura akauliza mama vipi, nikamwambia moshi. Sio moshi. Watu wengine harufu ile inawapeleka kwenye supu, mi inanipeleka Chamwino, Julai 2017, uwanja wa vumbi jekundu na ngoma zimepangwa mduara zinaota moto kama wazee.

Mwaka ule aliofariki mume wangu, Baba Zuhura, mnaujua, sirudii. Eda nilikaa nikamaliza, miezi minne na siku zangu kumi, nikarudi kazini nakuta ofisi inahamia Dodoma na jina langu limo. Mtoto nikamwacha Tanga kwa mama, nikapanga chumba Ipagala, na kilichofuata ni usiku. Julai ya Dodoma kuna baridi halafu kuna upepo unapiga bati mpaka alfajiri, na mi nilikuwa naanza kutembea mle chumbani kuanzia saa nane, dirishani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka dirishani, silii, siombi, natembea tu. Presha ikafika 160 kwa 100. Nesi akaniandikia vidonge akaniambia nipunguze chumvi na mawazo. Chumvi niliiweza.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mama wa Kigogo, mtu mzima, sote pale tulimwita Bibi. Sio mwongeaji kabisa. Ijumaa moja jioni nateka maji akasimama pembeni yangu akasema, "Mwanangu, usiku unatembea wewe. Kesho twende kwetu ukapumzike." Hakuuliza kitu kingine mpaka leo hii, na mi namshukuru kwa hilo kuliko hata kwa safari yenyewe. Jumamosi tukapanda Noah, barabara ya Morogoro, tukashuka, tukatembea kwa miguu sehemu ndefu kwenye mabua ya uwele yaliyovunwa, kila tunayepishana naye Bibi anasema mbukwenyi na mi naitikia nyuma yake kama mtoto.

Tulikuta kina mama kama kumi na mbili wanajiandaa na muheme, kuna sherehe ya mabinti wiki inayofuata. Kwa asiyeijua, muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo, zamani ilikuwa mambo ya unyago wa mabinti, siku hizi unaikuta hata kwenye harusi na mgeni rasmi akija. Wanawake ndo wanaoshika ngoma wenyewe, unaibana katikati ya mapaja umesimama, magoti umeyalegeza, unapiga kwa viganja. Mi niliyekulia Tanga nimezoea kuona kina baba ndo wamekaa na ngoma, labda iwe mambo ya ndani ya wanawake wenyewe, kwahiyo nilikaa pembeni nashangaa. Watu wakitaja muziki wa Wagogo wanamtaja marehemu Hukwe Zawose, na ni haki yake kabisa, yule mzee alifundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na zeze lake likasikika nje huko mpaka anafariki 2003. Ila mi nikisikia jina lake nawaona wale kina mama, wametoka kupepeta wana makapi kwenye vitenge, hakuna aliyekuja kuwarekodi siku ile.

Moto ulikuwa wa nyasi kavu na mabua, moto wa haraka, na ngoma zimelazwa nyuso zikiangalia moto. Bibi ndo alikuwa anazisikiliza. Anachukua moja, anaigonga kwa kidole kimoja katikati, anainamisha sikio, inatoa sauti nzito imelegea, anairudisha. Anasubiri. Anaichukua tena, anapitisha kiganja kwenye ngozi kama unavyomgusa mtoto mwenye homa, anagonga, safari hii inalia juu, kavu, anampa mwenye nayo. Ile harufu sasa, ngozi na manyoya mafupi yaliyobaki pembeni yanapata joto, pamoja na moshi wa mabua. Nilikuwa nimekaa miezi sinusi kitu. Chakula sinusi, sabuni sinusi, shuka zake nilizozikunja nikaziweka chini kabisa ya begi sikuthubutu kuzinusa. Harufu ile ikaingia yenyewe.

Wakanipa ngoma ndogo. Nikakataa, nikasema mi mjane nimetoka eda juzi, nilikuwa nawaza wifi zangu wakisikia mke wa kaka yao yuko porini kwenye ngoma. Bibi mmoja mwembamba sana akanijibu kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Hata mimi mjane mama, na yule, na yule pale." Basi nikaibana. Ikateleza. Nikaibana tena. Nikipiga sauti inakuwa ya kofi, nyingine haitoki kabisa, wenzangu wanaendelea na mi nawakimbiza na nikikimbiza ndo napotea zaidi. Yule bibi mwembamba akaweka ngoma yake chini, akaja nyuma yangu, akaweka kiganja katikati ya mabega yangu akaanza kunipigia mgongoni. Sio kwa nguvu. Pigo, mapigo mawili ya haraka, kimya kidogo, pigo. Mikono yangu ikining'inia tu, yeye anapiga, tena na tena, na mwili unasogea naye, mguu wa kushoto mbele kidogo unarudi, wa kulia mbele kidogo unarudi, sijui alikaa pale muda gani. Hakuna mtu alikuwa amenigusa mgongo tangu msibani. Nilisikia pumzi inashuka mpaka tumboni, halafu mikono ikaanza yenyewe kwenye ngozi, pale pale alipokuwa anapiga yeye, na alipoondoa kiganja nikawa naendelea.

Nilikuwa na kazi moja tu, kulinda lile pigo langu. Ukiwaza kitu kingine linadondoka, na likidondoka unamsikia wa kushoto kwako anapwaya, kwahiyo huwazi, unamsikiliza yeye na yeye anakusikiliza wewe. Mmoja anaanzisha wimbo wengine wanapokea kwa sauti zilizopandana, Kigogo sielewi, mabega yanacheza taratibu, jua linashuka, vumbi linapanda mpaka magotini. Viganja vikawa vya moto halafu vikafa ganzi halafu vikawa sio vyangu.

Walipoacha ndo nikagundua. Kwa muda wote ule, iwe nusu saa, iwe saa nzima, sikumuwaza Baba Zuhura hata mara moja. Tangu alipofariki haijawahi kupita dakika. Nilipokumbuka ilikuwa kama nimeambiwa upya, nikakaa chini pale kwenye vumbi na ngoma mapajani nikalia kwa sauti, kilio ambacho hata siku ya mazishi hakikutoka. Wale kina mama hawakuninyamazisha. Mmoja alichukua ngoma yangu akaisogeza kwenye moto wenzake wakaendelea.

Tulikula ugali wa uwele na mlenda, tukarudi, nikalala kuanzia saa tatu mpaka kumekucha, swala ya alfajiri ikanipita. Jumatatu nikapima presha, bado iko juu, na vidonge niliendelea kumeza mwaka mzima. Siwezi kukwambia ngoma ilinitibu. Ila usiku ule nililala, na viganja vilibaki vyekundu, kwenye kikao nilikuwa navigusa kwa chini ya meza kimoja kwa kingine. Jumatano wekundu ukaisha na nilihuzunika kweli.

Bibi aliniita tena mara mbili. Mara ya kwanza nikasema kazi, mara ya pili nikasema mtoto anakuja. Yote kweli, lakini sio sababu. Nilitaka ile pumziko kuliko kitu chochote, na nilimuogopa yule mwanamke aliyekuwa anapiga ngoma bila kumkumbuka mumewe, nikawa naona nikienda mara nyingi atakuja kukaa moja kwa moja. Mpaka leo najiuliza kama pale nilipumzika au nilimwacha.

Namba ya Bibi ninayo. Idi iliyopita, yeye Mkristo wake, alinitumia meseji ya heri na akaulizia mjukuu, nikajibu Zuhura sasa ananifika mabegani. Kuhusu ngoma sikuuliza. Leo nimeiandika mara tatu, Bibi, bado mnapiga Jumamosi? Nimekaa nayo hapa, vitunguu vimekauka kwenye kibao, jirani wameshazima moto.