Majina mawili kwenye bitana

Jumapili, saa nne usiku. Sofia, Bulgaria.

Nimerudi na shinel ya tatu, koti refu zito la jeshi. Nilijiwekea kwamba mwaka huu sinunui makoti tena, maana kabati limejaa na kila moja lina uzito wa mtoto mchanga. Lakini hili nililigeuza ndani nje palepale gulioni, na baada ya hapo nisingeweza kuliacha.

Kugeuza ndani nje nimerithi kwa baba. Alikuwa fundi cherehani Ngamiani, Tanga, na mteja akimletea nguo ya mtumba kuipunguza, kitu cha kwanza alichofanya ni kuipindua na kutazama bitana, pindo na mshono wa makwapa. Nje ni kwa ajili ya watu, alikuwa akisema, ndani ndiko fundi alikofanya kazi. Nilikuja Bulgaria kusoma, nikabaki kwa kazi, na siku ya kwanza nilipopita bustani iliyo karibu na kanisa kuu la Alexander Nevsky, ambako wazee hutandaza medali, kamera, sanamu za watakatifu na kofia za jeshi, mikono yangu ilikwenda yenyewe kwenye sare. Nikapindua kola ya kwanza. Ndani kulikuwa na muhuri wa wino, herufi БНА, Jeshi la Umma la Bulgaria, na mwaka. Nimekuwa mkusanyaji tangu siku hiyo, ingawa neno lenyewe nililipata baadaye.

Sare za zamani zaidi, za Vita vya Balkani vya 1912 na 1913, sizinunui. Bei ni ya watu wengine, na zile nzuri kweli ziko Makumbusho ya Historia ya Kijeshi hapa mjini, ambako naweza kwenda kuzitazama kwa nauli ya basi. Kofia za chuma pia nimeziacha, kwa sababu nyingi ninazoonyeshwa zimepakwa rangi upya na kuchorwa simba mpya ubavuni. Mimi nakusanya nguo za askari wa kawaida, miaka ya hamsini hadi themanini: kitel, yaani majaketi ya sare, za pamba za kiangazi, pagoni, alama za cheo za begani, na furazhka, kofia za sare, ambazo nyota nyekundu imeng'olewa kwenye kokarda, nembo ya mbele, na kuacha matundu mawili madogo. Matundu hayo nayapenda kuliko nyota.

Na sufu. Wabulgaria wana neno shayak kwa sufu nzito iliyofumwa ikabanana mpaka upepo haupiti, na kila nikiishika nafikiria mji wa Sliven. Sultani Mahmud II alipolivunja jeshi la Janisari mwaka 1826, askari wake wapya walihitaji mavazi mapya, na Wabulgaria, waliokuwa raia wa Dola ya Osmania, walikuwa na kondoo na mikono ya kufuma. Dobri Zhelyazkov alianza kufuma kwa mashine Sliven mwaka 1834, kisha dola ikajenga kiwanda huko ili jeshi lipate kitambaa. Kwa hiyo Wabulgaria walifuma sufu ya sare za Waturuki kabla hawajawa na jeshi lao wenyewe. Jambo hilo nimelijua miaka mingi. Leo ndiyo mara ya kwanza limenikaa kifuani.

Koti la leo lina muhuri wa 1983. Mzee aliyeniuzia, ambaye namwita chicho, yaani ami, kama vijana wa hapa wanavyowaita wazee, aliniambia lilitoka katika sanduku darini, nyumba ya kijiji karibu na Kardzhali, kusini, nyumba iliyohamwa kiangazi cha 1989. Chini ya mfuko wa ndani, kwenye bitana, kuna jina limeandikwa kwa ile penseli ya zambarau inayoganda ikilowa. Ni jina la Kiislamu, jina ambalo darasani kwangu Tanga tulikuwa nalo watoto watatu. Limekatwa mstari mmoja ulionyooka. Juu yake kuna jina la Kibulgaria.

Mtu angesema koti lilipita kwa askari wawili. Nami niliwaza hivyo, mpaka nilipolisogeza kwenye mwanga. Namba iliyofuata jina haikukatwa, ni ileile. Na mwandiko ni mmoja: д ina mkia uleule uliojikunja kushoto. Ni mtu mmoja.

Majira ya baridi ya 1984 kuingia 1985 serikali ya Todor Zhivkov, kiongozi wa kikomunisti wa Bulgaria, iliwabadilisha Waturuki wa Bulgaria majina kwa nguvu. Vijiji vilizingirwa, watu wakapewa orodha ya majina ya Kibulgaria wachague. Vijana wa Kituruki na wa Kiroma (Jipsi) wengi walikuwa wakipelekwa Majeshi ya Ujenzi, ambako askari alishika koleo badala ya bunduki, akijenga barabara na reli. Sijui kama huyu alikuwa huko. Najua kwamba alivaa koti hili akiwa na jina moja na akalivua akiwa na lingine, na kwamba mtu alimtaka aandike jipya kwa mkono wake. Zaidi ya watu 300,000 walivuka kwenda Uturuki katika miezi michache ya 1989. Zhivkov aliondolewa Novemba mwaka huohuo, na sheria ya 1990 ikawaruhusu waliotaka kurudisha majina yao.

Mstari wenyewe ndio unaonishika. Angeweza kulifuta jina la kwanza lisisomeke; penseli ile ikilowa inageuka doa. Yeye alipitisha mstari mmoja mwembamba, na kila herufi inasomeka.

Mkusanyaji mwingine alikuwa amesimama pembeni, mtu mwema anayenifundisha mengi kuhusu vifungo. Akanishauri nibadilishe bitana, kwani hii ina madoa na imechanika kwapani, na ana bitana safi ya miaka hiyohiyo. Alisema koti litapanda bei mara mbili. Nikamwambia asante, sitabadilisha. Chicho alitutazama akakunja koti mwenyewe, polepole, mikono ndani, akalifunga kwa gazeti na kunipunguzia pesa kidogo ambazo sikuziomba.

Kwapa nimelishona usiku huu, kwa uzi wa pamba, mishono mifupi kama baba alivyonionyesha, ili lisichanike zaidi hadi kwenye jina. Nimeweka naftalini mifukoni kwa ajili ya nondo. Makoti mawili mengine yananing'inia kabatini na vifungo vyao mbele. Hili nimelitundika ndani nje.