Tusilazimishe kila jengo la katikati ya Bukavu kuwa na maegesho

Kila jengo jipya la ghorofa linapoinuka Nyawera, mtaa wa katikati ya mji wetu wa Bukavu, nasikia watu wenye nia njema wakidai kwamba wajenzi washurutishwe kutenga nafasi ya gari kwa kila familia itakayoishi humo. Dai lao linaeleweka, kwa kuwa magari yamebanana kando ya barabara kiasi kwamba mtembea kwa miguu hulazimika kushuka kwenye lami na kupishana na pikipiki. Hata hivyo, sharti hilo lingetuumiza, na wangeumia zaidi wasio na gari.

Gari lililoegeshwa huchukua takriban mita 12 za mraba, lakini ukijumlisha njia ya kuingilia na ya kugeuzia, eneo hilo hufika mita 25 au zaidi. Kwa hiyo jengo lenye nyumba 10 za kupangisha lingehitaji mita 250 za mraba za ardhi tambarare, na ardhi ya namna hiyo ndiyo Bukavu imekosa. Mji wetu umekaa juu ya rasi zinazoingia Ziwa Kivu na kwenye miteremko inayopanda kuelekea Kadutu, hivyo anayetaka kusawazisha kiwanja chake hana budi kuukata mlima. Mlima ukishakatwa, lazima ujengwe ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, na nyuma yake iwekwe kokoto pamoja na mabomba ya kutolea maji, la sivyo mvua za Machi na Aprili huushibisha udongo hadi ukuta ukaanza kuinama, ukapasuka, na kumwangukia jirani wa chini. Gharama hiyo yote huingia katika kodi na katika garanti anayodaiwa mpangaji kabla hajakabidhiwa ufunguo. Muuguzi anayekwenda kazini kwa pikipiki atalipia nafasi ya gari ambalo hana.

Wenzetu wameshayaona haya. Jiji la Oakland, huko California, liliweka mwaka 1961 sharti la nafasi moja kwa kila nyumba ya ghorofani, na gharama ya kujenga nyumba moja ikapanda kwa asilimia 18, huku idadi ya nyumba katika eneo lile lile ikipungua kwa asilimia 30. London ilikwisha kuachana na masharti ya aina hiyo mwaka 2004. Buffalo, Marekani, iliyafuta mwaka 2017, na wajenzi hawakuacha kujenga maegesho: karibu nusu ya miradi mikubwa ilipunguza nafasi, mingine ikaendelea kama zamani.

Najua nitaulizwa magari yatakwenda wapi. Mimi naona mengi yanayoziba barabara ya Patrice Lumumba mchana ni ya wateja na wafanyakazi wa maduka, kwani usiku, wakazi wakiwa nyumbani, barabara hiyo hupitika vizuri. Tatizo la barabara litibiwe barabarani: nafasi zitozwe ada kwa saa, wapakuaji wa mizigo watengewe muda wao, na madereva wa pikipiki wapewe vituo vinavyojulikana. Katika majengo ya Ibanda, komini yenye katikati ya mji, mwenye kiwanja aachiwe aamue idadi ya nafasi, mradi apitishe mifereji ya maji na njia ya gari la zimamoto, na nafasi atakazojenga zikodishwe kando na nyumba, ili alipe yule anayezitumia.